Mpishi Aliyeshika Bunduki

Historia ya vita aghalabu huanza kwa majina ya majemadari na kuishia kwa idadi ya waliokufa. Katikati husahauliwa umati wa watu wadogo ambao hakuna ajishughulishaye kuwauliza majina. Mmoja wao alikuwa Doris Miller, baharia mweusi wa Marekani.

Miller alizaliwa Oktoba 12, 1919, mjini Waco, katika jimbo la Texas, mwana wa wakulima maskini. Mnamo Septemba 1939 alijiunga na Jeshi la Wanamaji. Zama hizo jeshi hilo lilimfungulia kijana mweusi mlango mmoja tu, nao ulikuwa wa jikoni: kuwaandalia maafisa wazungu chakula, kuwatandikia vitanda na kukusanya nguo zao chafu. Kutumia silaha kubwa za meli hakufunzwa. Katika manowari ya West Virginia, Miller alikuwa bingwa wa ndondi wa uzani wa juu, lakini hata ngumi zake hazikumtoa jikoni.

Ndipo ilipofika Jumapili, Desemba 7, 1941. Ilikuwa karibu saa mbili asubuhi, naye akikusanya nguo, ndege za Japani zilipoishambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Miller alikimbilia kituo chake penye ghala la risasi, akakikuta kimekwisha kuharibiwa. Kwa kuwa alikuwa na nguvu, aliitwa kusaidia kumwondoa Kapteni Mervyn Bennion, aliyejeruhiwa vibaya na ambaye hatimaye alifia melini humo. Kisha alitakiwa apeleke risasi kwenye bunduki ya rashasha. Badala yake aliishika mwenyewe, akazifyatulia ndege hadi risasi zikamwishia. Manowari ilipokuwa ikididimia, alisaidia kuwaokoa majeruhi katika maji yaliyotapakaa mafuta na moto. Siku hiyo Wamarekani 2,403 walipoteza maisha.

Taarifa za kwanza zilimsifu baharia mweusi asiye na jina. Magazeti ya Wamarekani weusi hayakuridhika. Yalidai ajulikane, na mwezi Machi 1942 jina lake likatangazwa. Mei 27 mwaka huo, Jemadari Chester Nimitz alimvisha Msalaba wa Wanamaji. Miller akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kuupata.

Hata hivyo, nishani ilimfika kifuani bila kumtoa jikoni. Mnamo Juni 1942 jeshi hilo lilianza kuwapokea weusi katika kazi nyingine, lakini Miller mwenyewe alibaki mpishi. Alikuwa mpishi hata Novemba 24, 1943, nyambizi ya Japani ilipoizamisha meli yake, Liscome Bay, karibu na visiwa vya Gilbert. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Januari 2020, Marekani ilitangaza kuwa manowari mpya ya kubeba ndege itaitwa kwa jina lake. Ni heshima kubwa, ila imechelewa. Mwalimu afundishaye habari za siku ile asiishie kuwasimulia wanafunzi ushujaa wa mtu mmoja. Awaulize pia: meli ile ilikuwa na vijana wangapi wenye macho makali na mikono thabiti, ambao hawakuweza kuitetea kwa sababu tu walikatazwa kujifunza? Ubaguzi humdhulumu abaguliwaye, na siku ya hatari humponza hata abaguaye.