Daktari John Snow na Kisima cha Broad Street

Mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake hakuwa mfalme wala jemadari. John Snow alikuwa mwana wa kibarua, aliyezaliwa mwaka 1813 katika mji wa York, Uingereza. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza udaktari, na akiwa bado kijana aliwauguza wachimba makaa waliopatwa na kipindupindu. Maradhi yale hayana subira: asubuhi mtu ni mzima, jioni ni maiti.

Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya itokayo katika takataka. Snow hakuridhika. Aliona kuwa ugonjwa huanzia tumboni, si mapafuni. Basi akakata shauri kwamba sumu yake humezwa. Mwaka 1849 alichapisha maoni hayo, lakini wachache walimsadiki. Hata mwaka 1853, alipompa Malkia Victoria dawa ya usingizi wakati wa kujifungua, sifa aliyopata ilikuwa ya dawa ile, si ya kipindupindu.

Mwishoni mwa Agosti 1854 maradhi yaliingia kwa kishindo mtaa wa Soho, London. Katika siku 10 watu zaidi ya 500 walipatwa na ugonjwa uliowaua. Snow akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kila marehemu alikunywa maji ya wapi. Karibu wote walikaa jirani na bomba la kisima cha Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa pale pale walisalimika, maana walikunywa pombe yao na walikuwa na kisima chao. Tena mjane mmoja wa Hampstead, mbali na Soho, alikufa. Naye aliyapenda maji ya Broad Street, akawa akiletewa. Kwangu mimi ushahidi wa mjane huyu unashinda yote: hewa ya Soho hakuivuta, maji yake aliyanywa.

Snow akawaendea wakubwa wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, kwa kuwa wengi walikimbia, na Snow mwenyewe alilikiri jambo hilo. Kwa ukweli huo namheshimu zaidi.

Kasisi Henry Whitehead, ambaye kwanza hakukubaliana naye, alichunguza akagundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliugua kabla ya wengine, na maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu. Mwaka 1855 shimo lilifukuliwa. Matofali yake yalikuwa yameoza, na uchafu ulipenya udongoni kuelekea kisimani, umbali usiofika mita moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Snow alifariki mwaka 1858, umri wa miaka 45. Mwaka 1884 Robert Koch alitangaza kijidudu kinacholeta kipindupindu, na neno la Snow likasimama.

Wanafunzi wenzangu, tukienda likizo na tutazame: je, choo chetu kiko mbali na kisima, na kiko upande wa chini? Udongo hauchuji kila kitu, na maji meupe si lazima yawe safi. Wazazi wetu nao na watusikilize, nasi tuchemshe maji ya kunywa.