Queen Jane: Mwitikiaji aliyegeuka malkia wa benga

MIAKA ya themanini, katika vibanda vya kanda mijini Nyeri, Karatina na Murang'a, benga ya Kikuyu ilikuwa milki ya wanaume. Wao ndio waliotunga na kumiliki bendi; mwanamke alitajwa kama mpenzi aliyetoroka au mke mkaidi. Akipata nafasi jukwaani, mara nyingi alisimama nyuma akiitikia.

Hapo ndipo alipoanzia Jane Nyambura, aliyezaliwa mwaka wa 1964 Kangema, wilaya ya Murang'a. Mnamo 1984 alijiunga na bendi ya Musaimo, Mbiri Stars, akiwa mwitikiaji. Kangema haikuwa ngeni kwa muziki. Joseph Kamaru alitoka huko, na dada yake, Catherine Muthoni, alikuwa ameimba naye kwa miaka mingi. Lakini Nyambura hakuridhika na sauti ya pili. Aliunda bendi yake, Queenja Les Les, akajiita Queen Jane.

Wapo wanaomkumbuka kwa Mwendwa KK pekee, wakamwona mwimbaji wa mapenzi tu. Huko ni kumpunja. Guka Nindarega, kwa jina lake tu, ni tamko la binti anayemwambia babu kuwa amekataa. Kwa jamii iliyozoea kusikia habari za wanawake kutoka vinywani mwa wanaume, hilo halikuwa jambo dogo.

Wapenzi wa muziki wa kantri, ambao Mlima Kenya ni wengi tangu enzi za santuri za Jim Reeves, watamkumbuka Kitty Wells. Mwaka wa 1952 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake chati ya muziki huo Marekani, kwa wimbo uliowajibu wanaume waliowalaumu wanawake. Queen Jane alifanya kazi ya aina hiyo kwa Kikuyu.

Lugha hiyo ilimgharimu. Vituo vingi vya redio jijini Nairobi vilizipa kisogo nyimbo za lugha za kienyeji, naye hakuacha kuvilaumu. Kameme FM, iliyoanza mwaka wa 2000 ikitangaza kwa Kikuyu, iliufungulia muziki wa aina yake mlango mwingine.

Aliaga dunia Juni 29, 2010, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 45. Nyumbani kwao hakuwa peke yake katika fani: ndugu zake Lady Wanja, Princess Aggie na Ejay nao ni waimbaji.