Max Valier, Aliyekufa Akiijaribu Roketi

Ni nani asiyesikia habari za wanadamu waliofika mwezini mwaka 1969? Lakini ni wachache waliosikia habari za mtu aliyekufa miaka 39 kabla ya safari hiyo, akiwa amesimama kando ya injini ndogo katika kiwanda cha Berlin. Jina lake Max Valier. Yafaa tuyajue maisha yake, maana kifo chake kina fundisho kwa kila afanyaye kazi ya hatari.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1895 katika mji wa Bozen, ulio kati ya milima mirefu. Siku zile mji huo ulikuwa wa Austria, na sasa ni wa Italia. Alipenda sana kuzitazama nyota, akasoma elimu yake katika chuo kikuu cha Innsbruck. Kisha vita vikatokea, naye akatumika jeshini. Vita vilipokwisha hakumaliza masomo yake, bali alijipatia riziki kwa kuandika vitabu na kuhutubia watu.

Mwaka 1923 mtaalamu Hermann Oberth alitoa kitabu kilichoonyesha kwa hesabu ya kuwa roketi yaweza kutoka katika hewa ya dunia hii na kusafiri mbali. Kitabu hicho kilikuwa kigumu kwa wasiojua hesabu. Valier alipokisoma moyo wake uliwaka, na mwaka 1924 akatoa kitabu chake mwenyewe chenye maneno mepesi, ili watu wote wapate kufahamu. Tena tarehe 5 Julai 1927 alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha chama cha safari za angani katika mji wa Breslau. Mwenyekiti wa kwanza wa chama hicho alikuwa Johannes Winkler, mtu aliyekuwa na kazi katika ofisi ya kanisa.

Lakini Valier hakuridhika na maneno matupu. Alimwendea Fritz von Opel, wa jamaa yenye kiwanda cha motokaa, akamvuta katika jambo hili. Tarehe 23 Mei 1928 Opel aliendesha huko Berlin motokaa iliyosukumwa na roketi 24 za baruti, ikaenda mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Watu wakashangilia. Hata hivyo Valier alijua ya kuwa baruti haitafikisha mtu mbali, kwa sababu ikiisha kuwashwa haiwezi kupunguzwa wala kuzimwa.

Basi akaigeukia roketi ya namna nyingine. Hiyo huchukua mafuta, na pamoja nayo oksijeni iliyogeuzwa kuwa kama maji kwa baridi kali, kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kuwashia moto. Vitu hivyo viwili hukutana ndani ya chumba cha chuma, vikawaka, na moshi wake ukitoka nyuma kwa nguvu hukisukuma chombo mbele. Lakini vikikusanyika kabla ya kuwaka vema, vyote hulipuka mara moja, na chumba hupasuka vipande vipande.

Kazi hiyo aliifanya katika kiwanda cha Heylandt, pamoja na fundi Walter Riedel. Tarehe 19 Aprili 1930 aliendesha motokaa yenye injini hiyo, nayo ikaenda. Hata Jumamosi tarehe 17 Mei akaijaribu injini tena, safari hii kwa mafuta ya taa badala ya spiriti. Alisimama karibu nayo, pasipo ukuta wa kumkinga. Injini ikapasuka, na kipande cha chuma kikampiga kifuani, kikakata mshipa mkubwa wa damu. Akafa baada ya muda mfupi, umri wake miaka 35.

Mwenye kiwanda akakataza majaribio hayo. Lakini kijana Arthur Rudolph na Riedel waliendelea kwa siri, wakatengeneza injini iliyo salama zaidi. Mwezi Desemba 1932, huko Kummersdorf, injini nyingine ililipuka mbele ya Riedel huyo huyo na kuharibu mahali pa majaribio. Lakini safari hii yeye aliyeshika vali alikuwa nyuma ya ukuta wa saruji, wala hakuna aliyeumia.

Hatuna budi kusema pia ya kuwa ujuzi huo ulitumiwa vitani, na wafungwa wengi walikufa katika kiwanda cha silaha ambamo Rudolph alikuwa msimamizi. Baadaye Rudolph huyo alisimamia huko Marekani kazi ya kuunda roketi iliyowapeleka watu mwezini. Ndivyo ilivyo: elimu humtii yeyote aishikaye, awe mwema au mbaya.

Hata katika siku zetu injini hulipuka. Tarehe 20 Aprili 2019, huko Florida, chombo kilichoitwa Crew Dragon kililipuka kikijaribiwa chini, wala hapakuwa na mtu ndani yake. Mafundi wakatafuta sababu, wakaona vali iliyovuja, wakairekebisha. Mwaka uliofuata watu wawili walipanda chombo cha namna hiyo, wakaenda na kurudi salama. Kilichopotea chini kiliwaponya waliokwenda juu.

Mwezini liko shimo kubwa lililopewa jina la Valier, upande ule usioonekana kutoka duniani. Sisi tunaojifunza Katekisimo twajua ya kuwa amri ya tano haikatazi kuua tu, bali hutuagiza kuulinda mwili wa jirani. Basi fundi ajengaye ukuta kabla ya kuwasha moto aitimiza amri hiyo, hata kama hakuna amsifuye. Bidii ya Valier ilikuwa njema. Ukuta ndio uliokosekana.