Daumier: Mchoraji aliyezibeba sura za watu kichwani

WACHORAJI wengi wa Paris katika karne ya 19 hawakutoka nyumbani bila daftari na penseli. Honoré Daumier alitoka mikono mitupu. Alikaa katika kumbi za mahakama, akasimama kandokando ya mto Seine, akachanganyika na abiria wa treni, akitazama tu. Kazi ya kuchora ilianza baadaye, akiwa chumbani kwake, wakati mhusika ameshakwenda zake bila kujua kwamba ametazamwa.

Alizaliwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, Februari 26, 1808. Baba yake alikuwa fundi vioo aliyejiona mshairi, na ndoto hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Paris mwaka 1816. Ushairi haukuleta mkate mezani, hivyo kijana alipofikisha miaka 12 hivi alitafutiwa kazi ya utarishi kwa dalali wa mahakama. Pengine hakuna chuo cha sanaa ambacho kingemfaa zaidi. Kutwa alipishana na mawakili wenye majoho, wadaiwa waliokata tamaa na mahakimu wenye usingizi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, watu wa aina hiyo walirejea mmoja mmoja katika michoro yake, kana kwamba ameachana nao jana.

Baada ya hapo aliuza vitabu, akapata mafunzo kidogo ya uchoraji, kisha akajifunza ufundi uliokuja kumlisha maisha yake yote: kuchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, na kulichapa jiwe hilo kwenye karatasi. Kwa ufundi huo mchoro mmoja ulitoa maelfu ya nakala, nayo magazeti yakaanza kuwahitaji watu kama yeye.

Mfalme Louis-Philippe alikuwa ameingia madarakani mwaka 1830 kwa ahadi ya uhuru wa magazeti. Desemba 1831, Daumier alimchora kama jitu lililoketi kitini likimeza magunia ya fedha za walalahoi, huku chini yake zikidondoka nishani kwa ajili ya wapambe. Februari 1832 alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Kifungo hakikuanza mara moja, lakini naye hakukoma, na Agosti mwaka huo alikamatwa na kupelekwa katika gereza la Sainte-Pélagie. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Ni katika miaka hiyo hiyo alipofinyanga vichwa vidogo vya udongo vya wabunge na vigogo wengine wa utawala ule, akavipaka rangi. Inaelezwa kuwa aliwatazama kwa makini, kisha akarudi nyumbani na kuwafinyanga kwa kumbukumbu: pua iliyovimba, mdomo uliolegea, kidevu cha majivuno. Vichwa 36 vimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris. Wenye sura hizo wamesahaulika karibu wote.

Aprili 1834, wakati wa machafuko jijini, askari walivamia nyumba namba 12 ya mtaa wa Transnonain na kuwaua wakazi. Daumier hakuyashuhudia mauaji hayo. Hata hivyo alichora chumba kimya, na mwanamume mwenye nguo za kulalia ameanguka kando ya kitanda, mwili wake umemlalia mtoto. Hakuna jitu wala kejeli katika mchoro huo, bali uzito wa mwili tu, jambo ambalo alikuwa amelisoma kwa miaka mingi mitaani. Serikali ilizisaka nakala na kuziharibu.

Septemba 1835 sheria mpya iliamuru kila mchoro uidhinishwe kabla ya kuchapwa. Siasa ikafungiwa mlango, na Daumier akageukia wapangaji, wenye nyumba, madaktari, wake na waume, wote kwa ajili ya gazeti la kila siku la Le Charivari. Maneno ya chini ya michoro kwa kawaida aliyaandika mtu mwingine, nazo sura zilitoka kichwani mwake. Kwa kazi hiyo alifikisha michoro ya mawe ipatayo 4,000, idadi ambayo isingewezekana kama angesubiri kila mtu aje kuketi mbele yake.

Inasimuliwa kwamba wakati fulani, akiwa kijijini Valmondois, alihitaji kuchora bata. Rafiki yake akamwonyesha bata waliokuwa majini, akampa na daftari. Daumier alilikataa, akieleza kuwa hawezi kuchora kitu akiwa anakitazama. Alisimama akivuta kiko chake. Siku chache baadaye bata walikuwa kwenye jiwe, wakamili.

Mwaka 1860 gazeti lilimwachisha kazi, na hata aliporejeshwa baada ya miaka kadhaa, umaskini haukumwacha. Alihamia Valmondois, macho yakaanza kufifia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870 kazi ya mawe ikawa imekwisha. Inaelezwa kuwa mchoraji mwenzake, Camille Corot, ndiye aliyemnusuru na kodi ya nyumba. Mwaka 1870 alikuwa amekataa nishani ya taifa, zile zile nishani alizozichora zikidondoka chini ya kiti cha mfalme.

Mwaka 1878 marafiki walimwandalia maonyesho jijini Paris, mwandishi Victor Hugo akiwa rais wa heshima. Maonyesho yalipata hasara. Daumier alifariki dunia Februari 1879, akiwa karibu kipofu, akazikwa Valmondois. Mwaka uliofuata mabaki yake yalihamishiwa kwenye makaburi ya Père-Lachaise, karibu na kaburi la Corot.