Josephine Cochran, mjane mwenye madeni aliyeunda mashine ya kuosha vyombo

BUKAVU – Katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira, vyombo vya jioni vinaoshwa kwa njia ambayo kila mtoto anaijua: beseni moja ya sabuni, beseni nyingine ya kusuuza, na bidoni ya maji pembeni kwa sababu robine ya REGIDESO inaweza kukauka wakati wowote. Mashine ya kuosha vyombo ni kitu cha nyumba chache na cha hoteli. Inaposimama, anayeitwa ni fundi wa frigo, ambaye labda hajawahi kufungua mashine ya namna hiyo.

Ili kuelewa kwa nini mashine hiyo inakuwa na masharti mengi, inafaa kuanzia kwa mwanamke wa Marekani aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Maji moto, chokaa na presha vilimsumbua yeye kwanza.

Josephine Garis alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la Ohio. Baba yake, John Garis, alikuwa injinia. Katika ukoo wake kulikuwa pia John Fitch, yule aliyejaribu meli ya mvuke katika mto Delaware mwaka 1787. Msichana huyo hakusomea uinjinia; wakati ule njia hiyo haikuwa wazi kwa wanawake. Shule yake ilipoungua, alitumwa kwa dada yake katika mji mdogo wa Shelbyville, jimbo la Illinois. Hapo, mwaka 1858, akiwa na miaka 19, aliolewa na William Cochran, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa ametoka kutafuta dhahabu California. Jina hilo la Cochran, baadaye Mama Josephine alipenda kuliandika Cochrane.

Biashara ya mume iliendelea vizuri. Walihamia nyumba kubwa, wakawa watu wa kualika wageni. Kwenye meza yao kulikuwa sahani za kaure za zamani, urithi wa familia, na kila baada ya karamu watumishi walizirudisha kabatini zikiwa zimemeguka ukingoni. Mama Josephine alikasirika, akawazuia kuzigusa, akaanza kuziosha mwenyewe. Hakupendezwa na kazi hiyo hata kidogo. Ndipo likamjia swali la kwa nini hakuna mashine ya kuifanya.

Hadithi hii inapendwa kusimuliwa hivyo, kama kisa cha tajiri aliyechoka na sahani. Lakini mtu hawezi kufanya kazi miaka 30 kwa ajili ya sahani zilizomeguka. Mwaka 1883 William Cochran alikufa. Mjane wake, mwenye miaka 44, aligundua kwamba nyumba kubwa ilikuwa imesimama juu ya madeni: alibaki na dola zipatazo 1,500 mkononi, na wadai walikuwa wanadai zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo mashine haikuwa tena wazo la kupunguza kero, ilikuwa njia ya kula.

Alifanyia kazi katika kibanda cha kuni nyuma ya nyumba. Kwanza alipima sahani, visahani na vikombe, kisha akakunja waya kutengeneza vyumba vidogo, kila chombo na nafasi yake ya kukaa bila kugusana na kingine. Vyumba hivyo vilipangwa kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba. Gurudumu lilizunguka, na pompi ilirusha maji moto ya sabuni juu ya vyombo. Kisha yalifuata maji moto safi ya kusuuza.

Kabla yake watu wengine walikuwa wamejaribu. Mmarekani Joel Houghton alipata hati ya ugunduzi mwaka 1850 kwa chombo cha mbao kilichomwagia sahani maji kwa kuzungusha mkono, lakini hakikusafisha kitu. Wengine waliweka burashi za kusugua, na vyombo vikavunjika. Tofauti ya Mama Josephine ni kwamba aliacha maji yenyewe yafanye kazi kwa nguvu yake, chombo kikiwa kimekaa imara. Mashine za leo zote zinafuata wazo hilo.

Mainjinia wanaume aliowaajiri walimsumbua sana. Kila mmoja alitaka kufanya kwa namna yake, akipuuza mchoro wa mwanamke ambaye hakuwa na diploma, na pesa zake chache zilitumika kurekebisha makosa yao. Aliyemsikiliza alikuwa fundi kijana, George Butters. Huyo alijenga kile alichoombwa ajenge, na miaka mingi baadaye ndiye aliyesimamia karakana ya kampuni. Tarehe 28 Desemba 1886 serikali ya Marekani ilimpa Josephine Cochran hati ya ugunduzi namba 355,139.

Kuuza ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Alikuwa amelenga wanawake wa nyumbani, wenzake katika kazi ile, na karibu wote walikataa. Bei ilikuwa kubwa, na mume ndiye aliyeshika pesa. Wengine walidai kwamba kuosha sahani jioni kunawapumzisha. Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa cha kiufundi. Nyumba nyingi hazikuwa na chombo cha kuchemsha maji mengi kiasi kile kwa mara moja. Katika miji mingi maji yalikuwa mazito, yaani yenye chokaa nyingi, na sabuni haikutoa povu ndani yake.

Mwenye mashine Bukavu leo anakutana na mambo yaleyale. Mashine ya sasa inatumia maji kidogo, lita 10 hadi 15 hivi kwa mara moja, kwa sababu inayazungusha. Maji yanaingia kwa valvu, yanakusanyika chini, yanapashwa na chuma cha umeme ambacho mafundi wanaita rezistansi, kisha pompi inayasukuma hadi kwenye mikono miwili yenye matundu. Nguvu ya maji yanayotoka ndiyo inayozungusha mikono hiyo. Maji yanarudi chini kupitia filtri na kupanda tena, hadi pompi ya pili iyatoe nje.

Kwa hiyo sahani zikitoka na mabaki ya bugali, si lazima mashine iwe imekufa. Mara nyingi filtri imejaa mafuta ya sambaza, au matundu ya mikono yamezibwa na kipande cha mfupa. Filtri inatolewa kwa mkono na kuoshwa chini ya robine kila juma. Matundu yanazibuliwa kwa kijiti. Maji yakibaki chini bila kutoka, kwanza angalia kama mpira wa kutolea maji umekunjika nyuma ya kabati, kisha angalia kama kipande cha glasi kimekwama katika pompi. Kabla ya yote hayo toa prizi ukutani na ufunge maji.

Kosa moja linarudi sana, nalo ni kutia sabuni ya kawaida ya kuosha kwa mkono. Povu lake linajaza mashine, linatoka chini ya mlango, na pompi inashindwa kusukuma kwa sababu povu si maji. Watu wanadhani mpira wa mlango umechakaa, wananunua mwingine bure.

Chokaa ile iliyomshinda Mama Josephine majumbani ina dawa leo. Mashine nyingi za Ulaya zina kisanduku cha kulainisha maji, na kisanduku hicho kinahitaji chumvi yake ya chembe kubwa. Chumvi ya jikoni haifai: ni laini mno, inaganda. Namna rahisi ya kujua maji yako ni kutazama chini ya sufuria au birika unalochemshia. Kama kuna ukoko mweupe, rezistansi ya mashine nayo inauvaa, inachelewa kupasha, na siku moja inaungua. Wanaochota ziwani wajue kwamba maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, kwa sababu ya chemchemi zinazoingia kutoka chini kwenye mawe ya volkano.

Kuna pia presha. Mashine nyingi zinaomba angalau karibu nusu ya bari, na maji ya siterne yanapata nusu ya bari pale tu siterne inapokuwa mita 5 juu ya mashine. Siterne iliyowekwa dirishani haitoshi. Mashine itangoja maji, ichoke, iwashe taa ya kosa, na fundi ataanza kufungua kitu ambacho hakijaharibika. Kuna pia kichujio kidogo pale mpira unapoungana na robine, ambacho kinajaa udongo maji yanaporudi baada ya kukatika. Na umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kazi, ni heri kutoa prizi na kungoja dakika kadhaa baada ya umeme kurudi. Umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaochoma karte ya elektroniki, na karte ni kati ya sehemu za bei kubwa kuliko zote.

Mama Josephine hakuwa na suluhisho la namna hiyo kwa majumba ya wakati wake, basi alienda mahali ambapo maji moto na mvuke vilikuwepo tayari. Mteja wake mkubwa wa kwanza ilikuwa hoteli ya Palmer House mjini Chicago. Kisha alikwenda hoteli ya Sherman House bila kusindikizwa na mtu. Mwanamke wa tabaka lake hakutembea peke yake hotelini, na baadaye alisimulia kwamba kuvuka ukumbi ule kulimtisha kuliko jambo lingine lolote. Alitoka na oda ya dola 800.

Wenye mtaji walikubali kumsaidia kwa sharti kwamba awaachie wanaume uongozi wa kampuni. Alikataa. Alitumia pesa za oda kujenga mashine zilizofuata, na ndiyo sababu kampuni yake, Garis-Cochran, ilikua polepole.

Mwaka 1893 Chicago ilipokea maonyesho makubwa ya dunia. Mashine tisa za Garis-Cochran ziliwekwa huko, zikiosha vyombo vya mikahawa iliyolisha umati wa wageni. Waamuzi waliipa mashine hiyo tuzo kwa ujenzi wake bora, uimara wake na jinsi inavyofaa kazi yake. Mama Josephine alikuwa na miaka 54. Baada ya hapo oda zilitoka kwa mikahawa, hoteli, kisha hospitali na vyuo. Hospitali zilikuwa na sababu yao: mashine inaosha kwa maji ya moto kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuvumilia, na maji hayo yanaua vijidudu.

Aliendelea kusafiri kuuza na kukagua mashine zake hata alipopita miaka 70. Alifariki Chicago mwezi wa Agosti 1913, akiwa na miaka 74, na nyumba za watu wa kawaida zilikuwa bado zinaosha kwa beseni.

Kampuni yake ilinunuliwa na kampuni ya Hobart mwaka 1926. Mashine ya nyumbani chini ya jina la KitchenAid, la Hobart hiyohiyo, ilitoka mwaka 1949. Wakati huo nyumba nyingi za Marekani zilikuwa zimepata maji moto ya bomba, na sabuni za unga zinazofanya kazi hata katika maji mazito zilikuwa zimeingia dukani. Mwaka 2006 jina la Josephine Cochran liliingizwa katika jumba la heshima la wagunduzi wa Marekani, miaka 93 baada ya kifo chake.