SURA YA 7: BIBI TITI MOHAMED NA KURA YA MWANAMKE TANGANYIKA

Malengo ya sura

Baada ya kusoma sura hii, mtahiniwa aweze:
(i) kueleza maisha ya Bibi Titi Mohamed kwa mpangilio wa tarehe;
(ii) kufafanua sababu za wanawake kujiunga na TANU kwa wingi;
(iii) kueleza jinsi haki ya kupiga kura ilivyomfikia mwanamke wa Tanganyika;
(iv) kutathmini mchango wake bila kuficha misukosuko aliyoipata.

7.1 Utangulizi

Haki ya mwanamke kupiga kura haikupatikana kwa njia moja duniani. New Zealand iliitoa mwaka 1893. Uingereza, Emmeline Pankhurst na wenzake waliandamana na kufungwa magerezani. Mwaka 1918 wanawake wa huko waliotimiza miaka 30 na kuwa na masharti ya mali walipata kura, na ilipofika 1928 wakawa sawa na wanaume.

Tanganyika ilikuwa nchi iliyoendeshwa na Waingereza chini ya udhamini. Mwafrika, awe mwanamume au mwanamke, hakuwa na kura ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kwa hiyo wanawake wetu hawakuunda chama cha peke yao cha kudai kura. Walidai uhuru wa nchi, na ndani ya dai hilo wakapata kura. Aliyesimama mbele yao ni Bibi Titi Mohamed.

7.2 Kuzaliwa, elimu na ngoma

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Alisoma hadi darasa la nne, kiwango ambacho wasichana wengi wa wakati huo hawakukifikia. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi aliozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu.

Kabla ya siasa, mjini alijulikana kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Mtahiniwa asiipuuze hoja hii. Kiongozi wa ngoma alijua kukusanya watu, kuchangisha fedha, kusuluhisha ugomvi na kuzungumza mbele ya umati. Shule ya uongozi ya Bibi Titi ilikuwa ngomani.

7.3 Kuingia TANU, 1954–1955

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa, na kadi yake ilikuwa namba 16. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alizuru Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU kuhusu sehemu ya wanawake. Sehemu hiyo ilikuwa bado haijasimama sawasawa. Bibi Titi akakabidhiwa kazi ya kuiongoza.

Hakuanza na barua wala matangazo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, mmoja baada ya mwingine, akishirikiana na wanawake kama Tatu binti Mzee. Kiongozi akikubali, kikundi chake kizima kilimfuata. Katika miezi michache ya mwaka huo wanawake wapatao 5,000 wakawa wamechukua kadi. Baadaye alisafiri mikoani pamoja na Julius Nyerere, akihutubia mikutano ya hadhara katika zama ambazo mwanamke kupanda jukwaani lilikuwa jambo geni.

7.4 Kwa nini wanawake waliitikia?

(a) *Hawakufungwa na ajira ya serikali.* Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwazuia watumishi wa umma kujiunga na vyama vya siasa. Wanaume wengi wenye elimu walikuwa makarani na walimu, hivyo kuchukua kadi kulihatarisha mshahara. Mama aliyeuza maandazi, vitumbua au pombe ya kienyeji hakuwa na mwajiri wa kumfukuza.

(b) *Walikuwa na mitandao tayari.* Ngoma, maulidi, harusi na misiba viliwakutanisha wanawake wa makabila mbalimbali waliozungumza Kiswahili.

(c) *Walitaka heshima na usawa.* TANU ilitangaza usawa wa binadamu, na wanawake walilichukua neno hilo kuwa linawahusu na wao.

(d) *Kiongozi alikuwa mwenzao.* Bibi Titi alizungumza Kiswahili cha mtaani kilichoeleweka na aliyesoma na asiyesoma.

7.5 Mfano kutoka Kanda ya Ziwa

Mtahiniwa wa Mwanza ana faida ya kutumia mfano wa nyumbani. Katika Jimbo la Ziwa serikali ya kikoloni ilizuia TANU kufanya kazi tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Wakulima wa pamba walikuwa wamejipanga katika ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, na serikali iliogopa siasa zisiungane na nguvu hiyo. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliopinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walikwenda Mwanza kwa wingi kuwasilisha malalamiko yao, na wakatawanywa kwa nguvu.

Mahali ambapo ofisi ya chama imefungwa, habari hupita kwa watu. Ili kuelewa jambo hili, mwanafunzi wa Ilemela aende asubuhi kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Atawaona akina mama wa dagaa wakipeana habari, mikopo na michango kabla jua halijawa kali. Mitandao ya namna hii ndiyo Bibi Titi aliyoitambua mapema kuliko viongozi wengi wanaume.

7.6 Masharti ya kura, 1958–1962

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Mpiga kura alitakiwa kuwa na miaka 21, na awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Alipiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikubali kushiriki baada ya mjadala mkali.

Hapa ndipo penye uzito wa sura hii. Sheria haikumtaja mwanamke kwa kumkataza, lakini masharti yalimwacha nje. Wasichana waliofika darasa la nane walikuwa wachache mno, na biashara ya maandazi haikuleta pauni 150. Wanawake waliojaza viwanja vya mikutano na kuchangia nauli za viongozi wengi wao walibaki wakitazama wengine wakipiga kura.

Masharti yalilegezwa katika uchaguzi wa Agosti 1960, ambapo kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha. TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, raia watu wazima wote walipata kura katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962. Zanzibar nako wanawake walikuwa hawakupiga kura mwaka 1957. Walianza Januari 1961.

7.7 Uongozi baada ya uhuru

Bibi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii. Mwaka 1962 vikundi vya wanawake viliunganishwa katika Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka huohuo, tarehe 31 Julai, umoja wa wanawake wa Afrika ulizaliwa Dar es Salaam. Ndiyo sababu tarehe hiyo ni Siku ya Wanawake wa Afrika.

7.8 Kuanguka na kurudi

Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, yeye aliyekuwa nazo hakukubaliana nalo, akajiuzulu katika Kamati Kuu.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na waziri wa zamani Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, wakishtakiwa kwa uhaini. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Rais Nyerere alimsamehe mwaka 1972. Kisha akaishi kimya kwa miaka mingi, jina lake likitajwa kwa nadra. Katika maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru, 1991, alitambuliwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg. Leo moja ya barabara kuu za Dar es Salaam inaitwa Bibi Titi Mohamed.

7.9 Tathmini

Mchango wake mkubwa ni kuwageuza wanawake wa kawaida kuwa wanachama wa siasa kabla sheria haijawatambua kuwa wapiga kura. Ilipofika wakati wa kura kwa wote, hapakuwa na hoja ya kuwabagua, kwa kuwa chama kilichoshinda kilijengwa nao. Matunda yake yanaonekana hata jirani: mwaka 2015 wapiga kura wa Jimbo la Ilemela walimchagua mwanamke, Angeline Mabula, kuwa mbunge wao.

Maisha yake yanafundisha pia kwamba aliyejenga chama anaweza kusahauliwa nacho. Jibu zuri la mtihani huandika yote mawili.

Tarehe za kukumbuka

1926 – Kuzaliwa
1954 – Kuanzishwa kwa TANU
1955 – Kuongoza sehemu ya wanawake
1958–1959 – Uchaguzi wa kura tatu
1962 – Mwenyekiti wa kwanza wa UWT
1967 – Kujiuzulu Kamati Kuu
1969–1972 – Kukamatwa, kuhukumiwa, kusamehewa
2000 – Kufariki

Zingatia

Usichanganye UWT na sehemu ya wanawake ya TANU ya mwaka 1955. Usiandike kwamba wanawake walikatazwa kupiga kura mwaka 1958; andika kwamba masharti ya elimu na kipato yaliwaacha wengi nje.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu nne zilizowafanya wanawake wajiunge na TANU kwa wingi.
2. Eleza jinsi masharti ya uchaguzi wa 1958 yalivyowaathiri wanawake wa kawaida.
3. Linganisha njia iliyotumiwa na wanawake wa Uingereza na ile ya wanawake wa Tanganyika katika kupata kura.
4. "Bila vikundi vya ngoma, TANU isingeenea haraka." Jadili kwa hoja sita.

*Dokezo la swali la 4:* Anza kwa kueleza kikundi cha ngoma kilikuwa nini. Toa hoja nne za kuunga mkono kutoka 7.2 hadi 7.5. Toa hoja mbili za upande wa pili, kama mchango wa vyama vya ushirika na uongozi wa Nyerere. Hitimisha kwa msimamo wako mwenyewe.