Aw Barkhadle, Mwalimu wa Irabu

Ule wimbo wa herufi ambao watoto wa duksi hapa Kotile huimba asubuhi huku wakiyumba una mwenyewe. Ni Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ambaye Wasomali humwita Aw Barkhadle. Inasimuliwa kwamba aliishi miaka kama 800 iliyopita.

Mtoto wa mfugaji wakati huo alikuwa na shida kweli. Alitakiwa asome Kiarabu na hakijui, na majina fatha, kasra na dhuma hayakumwambia kitu. Angekariri tu kama kasuku! Sheikh akazipa alama hizo majina ya Kisomali kufuatana na zinavyochorwa: ya juu ya herufi ni kordhabe, maana kor ni juu; ya chini ni hoosdhabe, hoos ni chini; iliyopinda ni godan. Basi mtoto akawa anachora kwenye ubao kwa wino wa makaa, anaimba jina, anatoa sauti. Mkono, macho na mdomo vyote kazini, tena bila kitabu.

Amezikwa karibu na Hargeisa, na watu bado humzuru.